Maharage ya Mama Mkwe

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, na sidhani kama itanitoka kabla sijafukiwa. Ilikuwa asubuhi ya upepo, ule upepo wetu wa Ufipa wa mwezi wa sita unaopasua midomo, na dada yangu Skola alikuwa ameketi uani kwake anaota jua. Nilikuwa nimetoka kwetu upande wa Chala kwenda kumsaidia kulea mtoto, kwenye kijiji alikoolewa, mbele kidogo ya Mpui. Nikamwona kwa mbali ana kitu cheusi kimemzunguka shingo. Nikapaza sauti, nikamtania, "Dada, siku hizi unavaa mkufu shambani?" Akacheka kidogo, akasema, "Njoo uuone vizuri huo mkufu." Nikasogea. Haukuwa mkufu, Deo. Ilikuwa ngozi yake imeiva, imekuwa nyeusi, imeanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

Hebu kaa vizuri. Na hiyo simu itie mfukoni, washikaji zako watakusubiri. Umepanda bodaboda kutoka Mpui mpaka hapa mjini kuniambia kwamba mkeo Jeni shingo imemuiva, tumbo linamwendesha, na tangu juzi anaongea maneno ambayo hata yeye hayaelewi. Umeniambia kesho ukoo unakaa kumtaja aliyemroga. Na jina tayari mnalo mdomoni, la mama yako mzazi. Vero, binti yangu mimi, niliyemzaa kwa tumbo hili! Unataka nije nikae kwenye kikao hicho, mkubwa wa familia, niitikie kwa kichwa. Nimekusikiliza mpaka mwisho, sikukukata kauli. Sasa na wewe usinikate. Maharage yako jikoni yanachemka, moto ni mdogo, hayataungua. Na ukisikia mtu anakohoa humo chumbani usigeuze shingo. Niangalie mimi.

Dada yangu Skola aliolewa na Remi, mwanamume mchapakazi kweli, sitamsema vibaya. Shida ya Remi ilikuwa bati. Enzi hizo nyumba ya bati ilikuwa kitu cha kuonyeshana, na Remi alitaka bati hata kama ni la kulalia njaa. Maharage yote aliyovuna yalikwenda kwenye lori. Karanga zilizobaki ni za mbegu, hakuna kugusa. Ulezi ukaishia kwenye pombe ya kuwapa watu waliokuja kumlimia. Kuku akitaga, yai linakwenda gulioni. Ndani ya nyumba ikabaki ugali wa sembe, mahindi yaliyokobolewa yakawa meupe pe, na mlenda. Asubuhi uji wa sembe, mchana ugali na mlenda, jioni ugali na mlenda uliobaki. Walikuwa wanashiba, usidhani walikuwa wanalala njaa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Tumbo limejaa, nani ataliuliza limejazwa nini?

Na Skola alikuwa ananyonyesha. Mtoto anamnyonya yeye, jembe linamnyonya yeye, na sahani hairudishi kitu.

Mtu wa kwanza kuona ni mama mkwe wake, Bibi Selestina. Alikuwa mjane, anakaa kibanda cha nyuma ya nyumba ya Remi, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia ndani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Skola mwenyewe alikuwa akimwogopa kidogo. Basi yule bibi akaona mkwe wake anakonda, mikono imeanza kubadilika kuanzia kwenye vifundo, akaenda kwenye akiba yake mwenyewe, kile kibaba cha maharage alichokuwa amekificha kwa ajili ya siku zake mbaya, akayapika na karanga za kutwanga. Akampelekea Skola kwenye chungu kidogo. Akamwambia, "Kula mwanangu, usimpe mtu." Hayo maneno, Deo, "usimpe mtu", ndiyo yaliyokuja kumponza.

Maana Skola hakupona kwa chungu kimoja. Angeponaje? Ilikuwa kama kumwagia kopo la maji shamba lililokauka. Baada ya hapo tumbo likaanza kumwendesha, ulimi ukawa mwekundu kama nyama mbichi, akawa hataki mwanga. Akawa analia bila sababu, halafu anacheka bila sababu. Siku moja akaniuliza mimi ni nani. Mimi, mdogo wake wa kufuatana! Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka pumzi ikaniishia.

Remi akaogopa. Mtu akiogopa, mwanangu, anataka jibu la upesi, na jibu la upesi lipo siku zote, halikosi mwenye kuliuza. Akaletwa mganga kutoka mbali. Mimi nilikuwepo, nimempakata mtoto. Akaangalia shingo ya dada, akatazama mikono, akasema hiyo ni kamba ya wachawi, amefungwa shingoni na mikononi kama ng'ombe. Kisha akauliza: chakula gani kililetwa humu ndani na mtu wa nje, na mgonjwa akaambiwa usimpe mwenzio?

Kila mtu akageuka kutazama kibanda cha nyuma.

Bibi Selestina alitoka mwenyewe. Akasema, "Ni mimi nilimpa. Nilimpa maharage kwa sababu hali maharage." Neno lake lilikuwa la kweli kabisa, na ndilo lililomhukumu. Mganga akasema mnaona, amekiri. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Vijana, wa rika lako wewe, Deo, waliokuwa wamekaa ukutani wakitafuna miwa, wakainuka. Hawakumpiga, nitasema ukweli. Walitoa vitu vyake nje kimoja kimoja: mkeka, sufuria, blanketi. Kisha wakaezua nyasi za kibanda chake. Na Remi, mwanawe aliyemnyonyesha, alisimama anaangalia chini. Yule bibi alimtazama sana. Hakulia. Alijifunga kanga, akajitwika blanketi lake, akashika njia ya Lyamba, ule ukingo mkali wa kuteremkia bondeni, kwenda kwa kaka yake. Nikamwona anakuwa mdogo, mdogo, mpaka upepo ukaniingiza vumbi machoni.

Basi ungedhani wamemaliza. Wapi! Mganga akaweka mwiko. Kwa kuwa uchawi uliingia kwa maharage, mgonjwa asiguse maharage. Asiguse karanga, kwa kuwa zilikuwa chungu kimoja na maharage. Nyama ina damu, damu itaamsha kamba, asiguse nyama. Samaki asiguse, yai asiguse, maziwa asiguse. Ale nini? Ugali mweupe, kwa kuwa weupe ndio usafi. Na mlenda usio na chumvi.

Unaelewa walichofanya? Walichukua kila kitu ambacho kingemponya, wakakifungia nje. Wakamwachia kile kilichokuwa kinamuua, wakampa kwa mikono miwili. Na walifanya kwa mapenzi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, uzee huu. Mama yangu mwenyewe alikuja kutoka Chala kuusimamia mwiko usivunjwe. Alikuwa akimlisha dada ugali ule mweupe tonge kwa tonge huku anasali rozari.

Sasa mwili, mwanangu, hata akili ikipotea, mwili unajua unachokosa. Asubuhi moja tulimkuta Skola amekaa sakafuni mbele ya kapu la mbegu, amejaza karanga mbichi mdomoni na maganda yake, anatafuna, machozi yanamtoka, mikono yote miwili imo ndani ya kapu. Alikula kama mtu anayeokota watoto wake motoni. Nilisema, "Jamani mwacheni ale, si ni karanga tu?" Mama akanizaba kofi, la pekee alilowahi kunipiga nikiwa mtu mzima. Akasema ni uchawi unamsukuma kuvunja mwiko. Wakamvuta, wakamsafisha mdomo kwa vidole, wakamfunga mikono kwa kitambaa cha kanga. Kitambaa laini, ngozi isiumie. Hebu fikiria mtu anayechagua kitambaa laini cha kumfungia dada yako asile.

Alipofika hatua ya kutosimama, ndipo Remi akavunjika moyo na mganga, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni tukampeleka misheni. Njia nzima alikuwa ananiita mama. Palikuwa na muuguzi mmoja, Sista Konsolata, Mfipa mwenzetu, mtu mzima mwenye sauti nzito na mikono mizito. Alifunua blanketi, akatazama shingo, akatazama mikono, akasema, "Fungua mdomo, mama." Akaona ulimi. Hakumgeukia Remi kumuuliza nani adui yake. Aliuliza swali moja tu:

"Anakula nini?"

Mama yangu akajibu haraka, kwa fahari kabisa, "Sista, tumeshika mwiko. Ugali tu na mlenda. Hajagusa maharage hata punje."

Sista alikaa kwenye kiti. Kisha akasema, sio kwa hasira, ingekuwa heri iwe hasira: "Mama, mmemfunga mtoto wenu mdomo. Hakuna mwingine aliyemfunga."

Ugonjwa unaitwa pelagra, akatuambia. Akampa vidonge vya vitamini, akampikia uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, akamlisha kwa kijiko. Na sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalonifanya nisilale nikilikumbuka. Haikupita wiki, akili ya dada yangu ilirudi! Alifumbua macho akaniita jina langu, Yustina. Kuhara kukapungua. Akaulizia mtoto, nikamletea, akamshika kidole. Kisha akauliza, "Mama mkwe yuko wapi? Mwambieni yale maharage yalikuwa matamu." Remi alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje.

Siku zile nilikaa pale misheni, na Sista alikuwa na desturi ya kuchambua mchicha huku anaongea. Nilimuuliza, kwa nini hamkutuambia mapema kwamba upo ugonjwa wa namna hii? Akacheka kicheko kibaya. Akasema, "Unadhani ninyi ndio wajinga wa kwanza?" Akanisimulia kwamba mahindi si ya kwetu, yalitoka mbali, ng'ambo ya bahari. Wenyewe wenye mahindi walikuwa wakiyachemsha kwanza na chokaa au majivu ndipo wanayasaga, na walikula pamoja na maharage. Wazungu walipoyabeba, walibeba punje, wakaacha mapishi. Maskini wao huko Ulaya wakawa wanakula mahindi matupu mwaka mzima, na ngozi zikaanza kubambuka, na watu wakaanza kurukwa akili. Hilo jina pelagra lenyewe ni la wakulima wa huko, maana yake ngozi inayokwaruza.

Na baadaye huko Marekani, akasema, ulikumba watu wengi, maskini wa mashambani. Wao hawakusema uchawi. Walisema ni vijidudu, unaambukiza. Lakini ni yale yale! Wakawakimbia wagonjwa, wakawatenga. Mpaka akaja daktari mmoja akatembelea nyumba za yatima na hospitali za wenye akili zilizoruka. Akaona kitu ambacho kila mtu alikuwa anakitazama bila kukiona: wanaougua ni wagonjwa na yatima, wauguzi wanaowashika kila siku hawaugui. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua mwenye sare na asiye na sare? Akaenda kuangalia jikoni. Wenye sare walikuwa wanakula nyama na maziwa na mayai. Akawapa yatima chakula hicho, wakapona.

Nikamwambia Sista, basi watu walifurahi. Akasema, "Walikasirika." Kwa sababu kukubali ni chakula ilikuwa ni kukubali kwamba watu wao wanaishi vibaya, na hakuna mkubwa anayependa kuambiwa hivyo. Yule daktari akajichoma sindano ya damu ya wagonjwa mwilini mwake kuwaonyesha hauambukizi. Mkewe naye akachomwa damu hiyo hiyo. Hakuna aliyeugua. Bado wengine wakabisha! Alikufa kabla hajakijua hicho kitu chenyewe kilichokuwa kinakosekana kwenye sahani. Wengine wakakipata baada yake, kwa mbwa waliougua ulimi mweusi kwa chakula cha namna hiyo. Waliwaponya kwa maini, wakatafuta kwenye maini mpaka wakakishika. Ndiyo hiyo vitamini, niasini wanaiita, ndiyo hivyo vidonge vidogo alivyokuwa akipewa dada yangu.

Nilikaa nikawaza: daktari wa mbali huko aliangalia jikoni, na Bibi Selestina wetu aliangalia jikoni. Yeye hakujua vitamini ni nini. Alisema tu, "Hali maharage." Tukamwezulia nyumba.

Skola hakurudi nyumbani, Deo. Mwili ulikuwa umeshakwisha kabla ya mkokoteni. Homa ya mapafu ikamkuta hana kitu cha kupigania, ikamchukua mchana, jua linawaka, akiwa na akili zake timamu. Alijua anakufa. Ingekuwa afadhali asijue. Aliniambia nimlee mtoto wake kwa maharage, na nilimlea.

Baada ya mazishi Remi alisema twende bondeni tukamchukue mama. Tuliteremka Lyamba yeye na mimi. Unajua sisi watu wa huku juu tukishuka kwenye joto la bonde malaria inatupokea kama ndugu. Tulipofika, kaka yake Bibi Selestina alitukaribisha vizuri mno, na nilipoona ukarimu ule nikajua. Akatupeleka nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akatuambia katika homa yake alikuwa akisema jina la Skola, anauliza kama amekula. Remi alilala juu ya kaburi lile kifudifudi, akakwaruza udongo kwa kucha. Nilimwacha. Kusema kweli, sikutaka kumfariji.

Alipata bati lake baadaye. Mvua ikinyesha nyumba ile ilipiga kelele hata huwezi kusikia mtu anayelia ndani.

Sasa njoo kwako. Mwaka huu umepakia maharage yote kwenye lori la Tunduma, nimeambiwa. Jeni ananyonyesha, na humo ndani mnakula sembe na kabichi ya kukaanga, na wewe ukija mjini unakula chipsi mayai na mishikaki na wenzako. Usinitazame hivyo, mimi ni bibi yako, nitakwambia. Mama yako alipompelekea mkeo chungu cha maharage wiki iliyopita, ulikimwaga. Jana alfajiri vijana walirusha mawe juu ya paa lake. Ulikuwa hujui? Basi sasa unajua.

Nasaha yangu ni hii. Jeni aende hospitali leo, sio kesho baada ya kikao. Mimi si daktari, na macho ya kikongwe si kipimo. Inaweza kuwa pelagra, inaweza kuwa kitu kingine, wao ndio watakaosema. Dawa watakayompa ameze yote. Lakini wakikuuliza anakula nini, jibu ukweli, usione aibu mbele ya daktari kisha uone uchungu mbele ya kaburi. Ukivuna, toa kwanza ya kula, iweke ndani, funga, ndipo uite lori. Mtu wako akiugua, usiulize nani amemfanya hivi. Chungulia kwanza kwenye chungu chako mwenyewe. Na mtu yeyote akikuwekea mwiko unaomnyima mgonjwa chakula, mfukuze uani kwako, hata awe ni mimi. Kikao cha kesho sikai. Na wewe ukikaa, huna bibi tena.

Sogea hapo jikoni uepue. Yameiva, nasikia harufu. Hayo sikupika mimi, mwanangu, mikono yangu haiwezi tena kutwanga karanga. Amepika mama yako. Yumo humo chumbani tangu alfajiri, alikuja kwa miguu na kanga moja, na kitu alichobeba ni maharage ya Jeni. Amesikia kila neno ulilokuja kuniambia.

Mungu akupe macho ya kuona kilichomo kwenye sahani ya mkeo. Akurudishie Jeni na akili yake na ngozi yake, amnyonyeshe mtoto wenu hadi aache mwenyewe. Nyumba yako isikose maharage, na mlango wako usimtoe mtu aliyekuja na chungu. Akuepushe na udongo mbichi nilioukuta mimi bondeni. Haya, nyanyuka. Mlango huo wa chumbani hauna komeo. Ukiingia usianze kujieleza. Anza na shikamoo.